Taa Nyekundu

Shemeji yangu alipostaafu ualimu alirudi Lukozi na gari la umeme. Hakulipandisha mlima mwenyewe. Lilikuja mgongoni mwa Fuso. Malori yanayoteremsha kabichi, karoti na viazi kwenda Dar es Salaam mara nyingi hurudi matupu, na dereva mmoja alikubali kulibeba kwa nauli ya kuelewana. Alfajiri walirudisha Fuso kinyumenyume hadi usawa wa ukingo wa shamba, wakafungua bodi la nyuma, Nissan Leaf ikashuka juu ya mbao mbili. Watoto waliokuwa wakisubiri muungurumo wa injini hawakuusikia.

Kulibeba kulikuwa na maana. Betri yake ni ya uniti 24, uniti zilezile tunazonunua kwa LUKU, tena ilikuwa imeshachakaa Japani. Hata ilipokuwa mpya isingetoka Dar ikafika Mombo bila kuchajiwa njiani, sembuse kupanda zile kona za Soni.

Puani mwa gari pana kifuniko. Ukikiinua unakuta matundu mawili, dogo na kubwa. Hilo kubwa ndilo lililomvuta shemeji. Ni la CHAdeMO, mfumo wa kuchaji haraka uliobuniwa Japani, na muuzaji alimwambia kwamba kwa tundu hilo betri hufika asilimia 80 kwa nusu saa.

"Sasa shem, kwa nini nikeshe na waya dirishani wakati tundu kubwa lipo?"

Nilimweleza kwamba tundu kubwa halitaki soketi, linataka mashine yake. Mashine hiyo huugeuza umeme ikiwa nje ya gari na kuusukuma moja kwa moja kwenye betri kwa nguvu ya kilowati 50 hivi. Ni kama kuwasha pasi 50 kwa mpigo. Nyumba yenye umeme wa njia moja haiwezi. Tundu dogo huingiza umeme wa kawaida, halafu kifaa kilichomo ndani ya gari ndicho kinachougeuza, nacho kina kiasi chake; hata ukivuta waya mnene kama mkono hakitazidisha. Kwa soketi yake ya ukutani, kujaza betri kungemchukua zaidi ya saa 10.

Hata hiyo nusu saa, nikamwambia, inaishia asilimia 80 kwa sababu. Lukozi wanajua kujaza viazi. Gunia hujaa upesi mwanzoni, unamwaga tu kwa ndoo. Ukitaka lumbesa ndipo kazi inapoanza: kiazi kimoja kimoja, kamba, na goti juu ya gunia. Betri nayo ikikaribia kujaa hupokea kidogo kidogo. Ikiwa baridi sana, kama asubuhi za Julai kule, hupokea taratibu pia; ikiwa imechemka kwa kupanda mlima, vilevile. Mtu asiyejua hayo huita fundi bure.

Alinielewa, ila kwa shingo upande. Usiku huo akachomeka waya uliokuja na gari, wenye kisanduku katikati. Kisanduku kikawaka taa nyekundu. Gari halikuchaji.

Fundi wa jirani alikuja asubuhi. Alichomeka simu kwenye soketi, ikachaji. Alichomeka pasi, ikapata moto. "Umeme upo, mwalimu. Hiki kisanduku kinaringa tu." Nadhani hapo ndipo alipopotea, na ningepotea naye. Pasi haiulizi kitu. Ukiipa fezi na nyutro inafanya kazi. Kisanduku kile kabla ya kuruhusu umeme hutafuta waya wa tatu, ule wa ardhini ambao mafundi huuita ethi. Kisipouona hukataa. Wangekibeba hadi nyumba ya pili wakakichomeka huko, kingewaka kijani, na wangejua kwamba kinachougua ni nyumba. Ni mwendo wa dakika tano.

Badala yake fundi alifungua soketi, akakata kipande cha waya kisichozidi kidole, akaunganisha ethi na nyutro. Taa ikageuka kijani. Akanywa chai, akalipwa, akaenda zake.

Wiki tatu gari lilichaji bila tatizo. Usiku kucha, saa 10 au 11 mfululizo, mzigo wa pasi mbili kwenye nyaya zilizozoea taa, redio na jokofu. Soketi ilikuwa ya moto ukiigusa, na waliigusa, wakasema ni kawaida.

Kisha jioni moja ya mvua taa zote zikazimika na jokofu likanyamaza. Nilikuwa palepale, nimeketi na bakuli la njegere magotini. Shemeji akasema umeme umekatika, akaita mshumaa. Hakuna aliyetazama ng'ambo ya bonde, ambako madirisha ya watu yalikuwa yanang'aa. Mjukuu wake alitumwa garini kuchukua tochi. Gari lilikuwa bado limechomekwa.

Tulisikia yowe moja fupi. Tulimkuta amekaa chini kwenye matope, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Alikuwa amegusa kitasa cha mlango, umeme ukamtupa. Alivaa mabuti ya mpira ya shambani; kama si hayo ningekuwa naandika mengine. Mkono ulikuwa na ganzi hadi asubuhi.

Umeme haukuwa umekatika. Kesho yake fundi mzee kutoka Lushoto alifungua meinswichi, akatuonyesha skrubu ya nyutro: imelegea, plastiki yake imeungua na kuwa nyeusi kama punje ya hindi la kuchoma. Nyutro ilipoachia, fezi ilipita kwenye jokofu, ikakosa njia ya kurudi, ikaingia kwenye kile kipande cha waya cha kidole kimoja na kuishia kwenye bodi la gari. Gari likakaa na umeme wote huo, limesimama juu ya mpira wa matairi.

Mzee alikitoa kipande kile, akakitia mfukoni, hakusema kitu. Kisha akaufuata waya wa ethi ukutani hadi nyuma ya nyumba, akibomoa plasta kidogo kidogo. Ulikuwa umekatwa siku nyingi, walipopiga plasta mpya, ukiishia hewani. Alichimbia fimbo ya shaba karibu na migomba, maji ya jikoni yanakomwagika na udongo haukauki, akavuta waya mpya, akabadilisha soketi na ile skrubu. Kisanduku kikawaka kijani.

Shemeji sasa huchaji usiku kucha, wala hataji tundu kubwa. Mjukuu hufungua mlango wa gari lile kwa upindo wa kanga, hata likiwa sokoni, halijachomekwa popote.