Je, Jiwe Laweza Kusema Uongo?

Wako watu ambao furaha yao ni kukusanya mawe ya madini, na miongoni mwao wamo wanaotafuta hasa jiwe lenye sura ya jiwe jingine. Wataalamu huliita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya "umbo la uongo". Jina hilo latutia mashaka.

Tutwae mfano wa mgodi wa Tsumeb, kaskazini ya Namibia, uliofungwa mwaka 1996. Humo iliota azuraiti, jiwe la shaba la rangi ya buluu, lenye pande zilizonyoka na kingo kali. Baadaye nyingine ziligeuka polepole: zikapoteza sehemu ya hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake, zikapokea maji, zikawa malakaiti ya kijani. Shaba ni ile ile, na umbo ni lile lile. Nayo malakaiti kwa desturi yake ni nadra kuota fuwele kubwa. Hutanda kama ngozi, au huvimba kama kichala cha zabibu. Basi umbo lile kubwa si lake, imelirithi.

Twaonelea jina lile limelionea jiwe. Umbo lililobaki ndilo shahidi kwamba hapo palikuwa na azuraiti. Mwenye kuvaa kanzu ya marehemu baba yake hamdanganyi mtu, maadamu hajiiti baba.

Uongo huja kwa mkono wa mtu: muuzaji apakaye rangi, au agandishaye kwa gundi fuwele juu ya mwamba usio wake. Mkusanyaji mwaminifu huandika "malakaiti baada ya azuraiti", akawataja wote wawili, mrithi na aliyerithiwa.

Hata hivyo mwaminifu naye hukosea. Jiwe liitwalo jicho la simbamarara, litokalo Afrika ya Kusini, lilielezwa tangu mwaka 1873 kuwa kwatzi iliyoshika mahali pa asbesto ya buluu. Mwaka 2003 Heaney na Fisher wa Marekani walileta ushahidi kwamba viwili hivyo viliota pamoja, mwamba ulipopasuka na kuzibika tena na tena. Ikiwa ndivyo, vikaratasi vya majina vilisema isivyo kwa miaka 130, wala hakuna aliyekusudia kudanganya. Hao hatuwalaumu. Lakini mwenye kabati aliyekwisha kuelezwa, akasadiki, kisha akakiacha kikaratasi cha zamani mahali pake kwa kuona haya mbele ya wageni, huyo tumwiteje?