Rukhsa ya Asilimia Mia

Kompyuta yangu mpakato haivuki asilimia 80. Nimeipangia hivyo mwenyewe: isipokee umeme mpaka ishuke chini ya 75, na ikifika 80 iache, hata waya ukibaki umechomekwa kutwa. Natafsiri nyaraka nyumbani Kikwajuni, soketi iko usawa wa goti. Zaidi ya hapo ya nini?

Baba Salma haafiki. "Mama Salma, betri umeinunua nzima. Hizo 20 umemwachia nani?"

Hoja yake ina uzito. Betri ya lithiamu huchakaa itumiwe isitumiwe. Ikijaa, kila seli hufika karibu volti 4.2, na kukaa huko juu muda mrefu, tena katika joto kama letu la Februari, ndiko kunakoimaliza upesi. Kwa hiyo najinyima leo uwezo uleule ninaoogopa kuupoteza kesho. Ubahili huo, anasema, usiuvishe kanzu.

Nimelifikiria sana hilo la kanzu. Bahili na mwenye kiasi wote huacha kitu. Tofauti yao, naona, ni hofu. Na hofu ya kuishiwa tunaijua tuliokuwa Unguja Desemba 2009, umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika, tukakaa gizani karibu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Mwenye jenereta akikuruhusu saa moja, ulijaza kila chenye tundu la chaja. Ambaye angeniambia wakati ule nikomee 80, ningemwona hana haya. Kiasi ni chepesi kwa mwenye uhakika wa kesho, ndiyo maana 80 yangu siwezi kuihesabu kuwa ucha Mungu. Nusu ya thawabu wapewe mafundi wa umeme.

Kinachonifanya niishikilie ni Kolwezi. Betri nyingi za kompyuta zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka kusini mwa Congo, uliko mji wa Kolwezi, ambako wengi husema Kiswahili, na wapo wanaoichimba kwa sururu na koleo. Chuoni tulifundishwa kwamba mali ni ya Mwenyezi Mungu, sisi tumeshikishwa tu. Basi israfu haipimwi kwa bei niliyolipa dukani. Baba Salma hujibu kuwa mchimbaji naye anataka kuuza. Hapo sina jibu, na sidhani kama hesabu ya betri moja italileta.

Ila sheria isiyo na rukhsa siiamini. Msafiri hupunguziwa sala, huruhusiwa kula mchana wa Ramadhani. Na programu yangu ina amri ya kujaza hadi 100 mara moja, kisha mpaka wake unarudi. Nikipanda boti ya Pemba naitumia bila kujiuliza, maana kukataa wepesi uliopewa nako kuna kiburi chake. Tatizo ni kujua safari inaishia wapi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, ukiacha ya kufika na ya kuondoka, hukmu ya msafiri imekutoka. Sasa nikiwa Wete kwa dada yangu wiki nzima, na umeme unakatika ovyo, nirudi 80 au nibaki 100?

Baba Salma, ambaye hajawahi kuugusa mpangilio huo, ana fatwa tayari: "Dada yako ana soketi? Basi ushafika."