Nyumba kwenye Kiwanja cha Duke

Ukijenga kwenye kiwanja cha mtu, nyumba ni ya nani? Mombasa jibu lipo tangu zamani: mwenye ardhi ana ardhi yake, mwenye nyumba ana nyumba yake, na huyu anamlipa yule kodi ya kiwanja. Kugombana wanagombana, lakini hakuna anayedai kwamba nyumba ilijijenga.

Sasa hebu tutazame Marekani. Mwaka 1996 ulitoka mchezo wa kompyuta, Duke Nukem 3D. Jamaa mmoja mbabe anapigana na majitu kutoka anga za mbali. Pamoja na mchezo waliweka programu ya kumwezesha mchezaji kutengeneza hatua zake mwenyewe: hapa ukuta, hapa mlango, pale adui kajibanza. Vijana wakajenga kwelikweli, wakazimwaga kazi zao bure kwenye intaneti, na FormGen, kampuni yenye mchezo, ikawahimiza. Kumbe kuna wengine wanatazama! Kampuni ya Micro Star ikazoa hatua 300, ikazitia kwenye sidii moja, ikaziuza. Ndipo kesi.

Micro Star walijitetea kijanja. Faili la mchezaji halina hata picha moja ya Duke, walisema. Lina maagizo tu, picha ipi ikae wapi. Mahakama ya chini iliikubali hoja hiyo. Mwaka 1998 mahakama ya rufani, kwa kalamu ya Jaji Alex Kozinski, ikaikataa: hatua hizo ni mwendelezo wa hadithi ya Duke, na mwendelezo ni haki ya mwenye hadithi.

Mimi Micro Star siwalilii. Waliokota vya bure wakavitia bei. Na jaji naye ana lake. Wewe unayeandika riwaya, utafurahi mtu akiendeleza mhusika wako sokoni bila kukuuliza? Kinachonikera ni kwamba kampuni mbili ziligombea nyumba, na mafundi hawakuwa upande wowote wa kesi. Leseni iliwaruhusu kugawa bure tu. Jasho lao halikuwa hoja.

Utaniambia, mbona Counter-Strike? Kweli, Minh Le na Jess Cliffe waliigeuza Half-Life mwaka 1999, na Valve, wenye mchezo, wakawachukua kazini. Mwaka 2000 Counter-Strike ikawa dukani. Heri yao. Lakini hiyo, jamani, ni hisani. Valve wangeweza pia kuwafungia mlango, na sheria ingesimama upande wa Valve.