Mkono Huo Bado ni Wako

Umevumilia upasuaji wa saratani ya titi. Umemaliza mionzi. Nywele zimeota tena. Na sasa mkono ndio unakutia woga?

Bangili iliyokuwa ikiteleza yenyewe leo haipiti kwenye kiganja. Mshono wa gauni umekuachia mfereji kwenye ngozi ya mkono, na mpaka jioni haujafutika. Kwapa linavuta. Bega limekaza. Na wewe umefanya nini? Umekwenda kwa fundi akakushonee magauni ya mikono mipana.

Umejificha.

Nani alikwambia ulipigania uhai ili uje kujificha?

Hebu sikiliza. Pamoja na titi, huenda daktari aliondoa tezi za kwapani, kwa sababu saratani hupenda kupitia huko. Mionzi nayo huacha makovu. Hapo kwapani ndipo maji ya limfu yalipokuwa yakipita kutoka mkononi kurudi kwenye damu. Njia ikibanwa, maji hubaki mkononi, kama mtaa usio na mtaro siku ya mvua. Uvimbe unaweza kuja baada ya mwezi, unaweza kuja baada ya miaka. Hujarogwa. Si matende ya mbu, hata jirani aape. Na hauko peke yako: kati ya wanawake walioondolewa tezi nyingi za kwapani, karibu mmoja katika kila watano hupatwa na hali hii.

Sasa shika hili. Damu ina moyo wa kuisukuma. Limfu haina moyo. Inategemea sana misuli yako inayocheza na pumzi yako inayopanda na kushuka.

Na wewe mkono umeulaza!

Najua, si wewe uliyebuni. Kwa miaka mingi wanawake waliambiwa usibebe, usinyanyue, usichoke. Mwaka 1996, huko Vancouver, Kanada, daktari wa tiba ya michezo aitwaye Don McKenzie alikataa maneno hayo. Aliwakusanya wanawake 24 waliotibiwa saratani ya matiti, akawafanyisha mazoezi, akawapandisha kwenye mtumbwi mrefu wa mashindano, akawapa makasia. Makasia! Kazi ya mabega na mikono mwanzo mwisho. Kwa mafundisho ya wakati ule, mikono yao ilipaswa kuvimba. Hakuna hata mmoja aliyepata uvimbe mpya.

Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine likachapisha utafiti wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imevimba tayari. Kundi moja lilinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, uzito ukiongezwa kidogo kidogo chini ya uangalizi, wakiwa wamevaa soksi ya mkono inayobana. Mikono yao haikuzidi kuvimba kuliko ya wasionyanyua. Tena waliopata kuzidiwa ghafla walikuwa asilimia 14, na kwa wasionyanyua, asilimia 29.

Walikuwa wamevimba, na wakanyanyua.

Wewe unasubiri nini?

"Nitaanza nikipata nafasi." Nafasi ipi? Uvimbe uliomba nafasi kwako? Mwanzoni ni laini: ukibonyeza, kidole kinaacha shimo, ukiulaza mkono juu ya mto usiku, asubuhi umepungua. Ukiupuuza, ngozi inakuwa nene, mafuta na makovu yanajijenga ndani, na kuurudisha inakuwa kazi kubwa. Wakati wako ni huu ambao bado shimo linaonekana.

"Sina hela." Chupa ya maji ya nusu lita huna? Hiyo ni nusu kilo mkononi. Ukuta huna? Kidonda kikishapona na daktari akikuruhusu, simama uutazame ukuta, upande kwa vidole pole pole mpaka pale kwapa linapovuta bila kukutoa machozi. Weka alama ya penseli. Kesho ipite alama hiyo, hata kwa upana wa kidole. Shusha mkono. Vuta pumzi tumbo lijae, itoe taratibu. Kunja ngumi, kunjua. Kunja, kunjua! Ukigusa kitu kama uzi uliokazwa kutoka kwapani kuelekea kwenye kiwiko, usikimbie. Hutokea baada ya upasuaji, na mtaalamu wa fiziotherapia anajua namna ya kukunyoosha mpaka ulegee.

Lakini bidii ya kipofu siitaki. Acha kukandwa kwa maji ya moto! Shangazi anakupenda, na ndivyo alivyofundishwa, lakini joto huleta maji zaidi mkononi, na kusugua kwa nguvu kunaumiza. Ukandaji wa limfu, ule ambao Emil Vodder wa Denmark na mkewe Estrid waliuanzisha miaka ya 1930, ni mwepesi mno, ngozi tu ndiyo inayosogezwa. Dawa za kukojoza si tiba ya uvimbe huu. Bandeji akufunge aliyefundishwa, na soksi ipimwe kwa mkono wako, usiazime ya mtu.

Kisu kikikukata ukipara samaki, osha kwa sabuni, paka dawa, funga. Mkono ukishika moto ghafla, ukauma, na homa ikapanda, hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona wekundu. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi utaona imekolea na kung'aa tu. Ni maambukizi, na yanataka antibiotiki. Na ukivimba ghafla bila homa, nenda vilevile: damu inaweza kuwa imeganda, au saratani imerudi, na hayo mawili hayachunguzwi nyumbani.

Wewe uliyetoka Songea mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road kufuata mionzi, utashindwa na ukuta wa chumbani kwako?

Wewe uliyetapika usiku kucha kwa ajili ya dawa za dripu, asubuhi ukaamka ukawavalisha watoto sare, utashindwa na chupa ya maji?

Hapana. Nguvu unazo. Umezilaza tu pamoja na mkono.

Leo chukua futi ya fundi cherehani. Pima mikono yote miwili, mahali pale pale: kiganja, juu ya kifundo, juu ya kiwiko. Andika na tarehe. Tofauti ikifika sentimita 2, au mkono ukiwa mzito tu hata kama futi haisemi kitu, nenda. Kliniki wakikuuliza hali, usithubutu kujibu "naendelea vizuri". Mpe daktari karatasi yako na useme: "Nataka mtaalamu wa fiziotherapia." Akikwambia ni kawaida baada ya upasuaji, muulize kawaida hiyo inatibiwaje, na usiinuke kwenye kiti mpaka akuandikie.