Motari na Mchungaji



Huku mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Magara na Rumonge hadi Nyanza-Lac, wapo motari, waendesha pikipiki, ambao sasa hivi wanapiga kiki, pikipiki iwake. Iwake, wapande. Waliache ziwa, waipite michikichi, waipite mihogo, hadi barabara ianze kujipinda kuelekea Bururi. Huko juu hewa inapoa. Huko juu kuna majani. Na penye majani kuna ng'ombe.

Ng'ombe wa pembe ndefu, katikati ya njia. Hana haraka. Unapiga honi, anasimama. Unapiga tena, anageuka akutazame, na ndama anakimbilia upande usiofaa. Mchungaji naye anakutazama, na macho yake hayana urafiki.

Sasa mwangalie motari mzoefu. Anapunguza mafuta mapema, kabla ya kona. Anakamata klachi. Anasalimu: "Amahoro!" Mchungaji anaitikia, ananyoosha fimbo, anapiga mluzi mmoja tu, na kundi linafunguka. Motari hakugombana na ng'ombe. Alizungumza na anayewajua.

Leo utakuta njia imezibwa mahali. Labda ofisini. Labda sokoni. Labda ufukweni, kwenye mitumbwi ya ndagala. Mkono wako utaitafuta honi. Mchungaji wa hapo ni nani? Na je, umemsalimu?