Mpanzi na Mbadhirifu

Katika lugha ya Kiarabu mbegu huitwa badhr. Mzizi wa neno hilo ndio uliozaa pia neno tabdhir, yaani kutapanya mali ovyo, na kutoka huko Kiswahili kimepata ubadhirifu. Lugha yetu iliipokea lawama ikaiacha mbegu. Kwa hiyo amwitaye mwenziwe mbadhirifu hajui kuwa amemtaja mtu anayemwaga mbegu.

Undugu wa maneno haya una swali zito ndani yake. Mkono wa mpanzi na mkono wa mbadhirifu hufanya kazi moja: hufumbata, hufumbua, huachilia. Atazamaye kwa mbali hawezi kumjua yupi ni yupi. Ni nini basi kiwatengacho?

Mwenye haraka atajibu kuwa ni mavuno. Jibu hilo halina insafu. Mvua ikikosa, mpanzi mwema hurudi nyumbani mikono mitupu, wala haimpasi kulaumiwa kwa uchoyo wa mawingu. Punje ya mbadhirifu nayo huweza kuangukia penye rutuba ikaota, lakini bahati haimfanyi mtu kuwa mkulima. Bahili naye asijisifu: mbegu aliyoifungia ghalani huliwa na fukusi.

Neno jingine latoa mwangaza. Katika Kiarabu, maana ya asili ya kafara ni kufunika. Kwa maana hiyo mkulima aliweza kuitwa kafir, kwa kuwa huifunika mbegu kwa udongo. Na kwa maana hiyo hiyo aliitwa hivyo mtu aifunikaye neema asiishukuru. Kitendo ni kimoja tena, lakini mkulima hufunika ili kitu kiote, na asiye na shukrani hufunika ili kitu kisionekane.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Mpanzi huijua ardhi yake kabla ya kufumbua mkono, na baada ya kuufumbua hurudi kupalilia. Mbadhirifu hutupa akageuka, asiulize kilikoangukia. Mzazi amlipiaye mtoto karo kisha asimwulize habari za masomo, na tajiri agawaye sadaka asijue imemfikia nani, wajihoji wamo katika kundi lipi.

Hata haba, neno letu la uchache, asili yake ni habba, yaani punje. Aliye na haba ana mbegu. Iliyobaki ni kuitunza.