Nani Ailipie Njia Ipitayo Mlangoni?

Katika mji wa Saint Paul, jimbo la Minnesota, nchi ya Marekani, baridi ni adui wa barabara. Maji huingia katika nyufa, hugeuka kuwa barafu, nayo barafu hutanuka na kuipasua lami. Kuziba mashimo hufaa kwa miaka kadha, ndipo inapolazimu kuifukua njia yote na kuweka msingi mpya. Gharama yake ni kubwa, na hapo swali huzaliwa: nani alipe?

Walutheri ni wengi katika mji ule, na tangu mwaka 1987 sharika zao zimekuwa bega kwa bega na Dayosisi ya Iringa. Basi matata yao si habari za mbali kwetu.

Desturi ya huko ni kuigawa gharama. Sehemu yatoka katika mfuko wa mji, na sehemu hutozwa wenye viwanja vilivyo kando ya barabara, mara nyingi kwa kupima urefu wa upande uelekeao njia. Sheria ya Minnesota imeweka mpaka: mtu asitozwe kupita thamani iliyoongezeka katika kiwanja chake kwa ajili ya kazi ile. Asiye na fedha papo hapo aweza kulipa kidogo kidogo kwa miaka, pamoja na riba.

Kwa kulisikia mara ya kwanza, neno hili laonekana kuwa la haki. Kwa nini mtu akaaye mtaa mwingine amjengee mwenzake njia? Lakini na tutazame vema. Mfikirini mjane aliyeachiwa nyumba penye pembe ya njia mbili. Kipimo cha futi chamwona kuwa tajiri. Huambiwa kwamba thamani ya nyumba yake imeongezeka. Naam, imeongezeka, walakini thamani hiyo hailiki, wala haiwashi moto wakati wa theluji. Ataipata siku atakapoiuza nyumba, yaani siku atakapokuwa hana nyumba. Sheria yamhurumia kiasi, maana baraza la mji laweza kuahirisha deni la mtu mwenye miaka 65 au zaidi, ikiwa kulipa kungemwelemea. Lakini kuahirisha si kusamehe. Deni hungoja mpaka nyumba iuzwe au mwenyewe afe.

Tena barabara haimjui mwenyewe. Gari la wagonjwa, mtoto aendaye shule, mgeni aliyepotea njia, wote hupita. Tukisema kila mtu alipe mbele ya mlango wake tu, mtaa wa matajiri utakuwa laini na mtaa wa maskini utakuwa mashimo matupu, wala hapatakuwa na mtu aliyemwibia mwenzake hata senti. Dhuluma ya namna hii twaona ni ngumu kuitubia, kwa kuwa hakuna asemaye, Ni mimi niliyeitenda.

Na Kanisa je? Katika Minnesota nyumba za ibada zimesamehewa kodi ya mali, lakini malipo haya ya barabara hazikusamehewa. Makanisa mawili ya katikati ya mji, moja la Kibaptisti na moja la Kikatoliki, yaliushtaki mji kwa ajili ya malipo ya kila mwaka ya kutunza njia. Mji ulisema kwamba hayo ni ada tu, wala si kodi. Mwaka 2016 mahakama iliyo juu ya zote katika jimbo iliamua kwamba ni kodi, hivyo hayawezi kupita faida ambayo kiwanja kimepata.

Huenda msomaji akanung'unika kwamba makanisa yalikwepa mzigo. Sisi hatuwalaumu. Petro alipoulizwa habari ya kodi ya hekalu, Bwana wetu alimwonyesha kwanza kwamba wana wa mfalme wako huru, kisha akaamuru ilipwe, asiwakwaze watu. Uhuru ulitajwa, na fedha ikatolewa. Ila kanisa ambalo watu wake hulifikia kwa njia iliyoondolewa theluji, nalo lisitoe kitu, jirani zake watalisikilizaje likihubiri upendo?

Mwezi Novemba 2023 wenyeji walikubali kwa kura kodi ya mauzo ya asilimia 1 kwa miaka 20, kwa ajili ya barabara na bustani za mji. Hivyo hata mgeni anunuaye kitu husaidia. Kodi ya dukani haiulizi mnunuzi ana kiasi gani mfukoni. Lakini chakula cha nyumbani na mavazi hayatozwi huko, nalo ni jema.

Kwa maoni yetu mfuko wa wote ubebe sehemu kubwa, mwenye kiwanja atoe kidogo, na deni la mzee maskini lifutwe, lisingoje mazishi yake. Na usharika ulio katika mtaa huo, kabla haujahesabu futi zake wenyewe, waweza kuuliza ni mjane yupi wa jirani aliyepokea barua ya baraza juma hili.